Kurekodi vitabu vya Kitagalogi kwa kujitolea: dhana potofu na ukweli

LibriVox, mradi wa vitabu vya sauti mtandaoni, ilianzishwa mwaka 2005 na Hugh McGuire kwa wazo jepesi: watu wa kawaida wasome kwa sauti vitabu vilivyokwisha hakimiliki, kisha rekodi zitolewe bure kwa yeyote anayezitaka. Kiingereza ndicho kilichojaa humo, lakini mlango uko wazi kwa lugha nyingine, Kitagalogi cha Ufilipino kikiwamo. Anayetaka kuanza huzongwa na maneno mengi yasiyo ya kweli, na mengine humvunja moyo kabla hajafungua kinywa.

“Mwandishi alishafariki zamani, basi kitabu ni huru”

Hapa ndipo mtu anapoweza kupoteza kazi ya miezi. Mwandishi wa Kifilipino José Rizal aliuawa kwa kupigwa risasi mjini Manila tarehe 30 Desemba 1896, na riwaya yake Noli Me Tangere ya mwaka 1887 haina tena mwenye kuidai. Tatizo ni kwamba Rizal aliiandika kwa Kihispania. Anayeisoma kwa Kitagalogi anasoma maneno ya mfasiri, na mfasiri naye ana haki zake. Tafsiri za miaka ya karibuni bado zinalindwa. Ile ya Pascual H. Poblete, iliyochapishwa mwaka 1909, iko huru. Chunga pia dibaji na maelezo ya chini yaliyoongezwa na mhariri wa juzi. Hayo si ya kwako kuyasoma, hata kama hadithi yenyewe ni ya kale.

LibriVox hupima kwa sheria ya Marekani, ambako kitabu kilichochapishwa zaidi ya miaka 95 iliyopita kiko huru. Ufilipino huhesabu vingine: uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Msomaji aliyeko Manila au Dubai anapaswa kuangalia pia sheria ya mahali alipo.

“Anayekijua Kitagalogi atasoma tu”

Vitabu vilivyo huru ni vya zamani, na vingi vina tahajia ya enzi za Wahispania. Neno ambalo leo huandikwa *ako* humo ni *aco*. *Kung* ni *cung*. Kijana aliyesoma shule za leo hukwama ukurasa wa kwanza, ingawa nyumbani hazungumzi lugha nyingine.

Kikubwa zaidi ni mkazo. Sisi wa Kiswahili tumezoea mkazo utulie kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hatuna haja ya kuufikiria. Kwa Kitagalogi mkazo unahama, na ukihama maana inabadilika: *bukas* yenye mkazo mwanzoni ni kesho, yenye mkazo mwishoni ni wazi, kama mlango ulio wazi. Kitabu hakikuonyeshi. Kwa hiyo msomaji makini huipitia sura nzima kimya kimya kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi, ajue sentensi inaelekea wapi.

Ushairi unadai zaidi. Florante at Laura ya Francisco Balagtas, ya mwaka 1838, ina mistari ya silabi 12, na kila mstari hupumua baada ya silabi ya sita. Anayejua shairi letu la mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, ataelewa mara moja kwa nini pumzi ikikosewa beti lote linachechemea. Hiyo si kazi ya kusoma kwa kasi ya taarifa ya habari.

“Lazima uwe na sauti ya redio, na studio”

Hapana. Programu ya kurekodia ya Audacity ni ya bure, na maikrofoni ya kawaida ya kuchomeka kwenye kompyuta inatosha. Adui ni chumba. Zima feni, subiri jogoo wa jirani anyamaze, kaa karibu na kabati lenye nguo nyingi ili sauti isirudi kwa mwangwi. Msomaji mpya huanza na jaribio la dakika moja hivi, akaelekezwa kama sauti iko chini mno au inakwaruza. Hakuna anayemwambia sauti yake haipendezi.

“Anayesikiliza rekodi ili kuihakiki ni hakimu”

Napenda sana kazi hii, na inaniuma kuona inavyosahaulika. Mhakiki huvaa spika za masikioni, hufungua maandishi mbele yake, na husikiliza rekodi yote tangu tangazo la mwanzo hadi ukimya wa mwisho. Anachoandika ni kama hiki: “Dakika ya 7, sekunde ya 42: sentensi imerudiwa. Dakika ya 12: mlango umegongwa. Mstari mmoja umerukwa baada ya neno hili.” Msomaji anarekebisha vipande hivyo tu, anapeleka faili upya.

Mtindo wa kusoma haumhusu. Lafudhi pia haimhusu: msomaji wa mkoa wa Batangas husikika tofauti na wa Manila, na wote wanapokelewa. Ila mkazo uliogeuza kesho kuwa wazi, huo unastahili kutajwa, kwa upole.

Wengine huuliza kwa nini msomaji asijihakiki mwenyewe. Kwa sababu anajua alichokusudia kusema, na sikio lake linaliziba pengo bila yeye kujua. Anahitajika mtu mwingine, na katika lugha yenye wachache wa kujitolea mtu huyo ni adimu kuliko msomaji. Ndiyo maana kwa maoni yangu Mfilipino mwenye saa moja kwa wiki atasaidia zaidi akianza kwa kusikiliza.

Yabaki mawili ya haraka. Sauti za kompyuta hazikubaliwi LibriVox. Msomaji ni lazima awe binadamu. Na ukishatoa rekodi, umeitoa moja kwa moja: shule itaitumia, msikilizaji asiyeona ataipakua, na mfanyabiashara anaweza kuiuza bila kukulipa senti wala kuvunja sheria. Anayeona hilo ni zito aliamue kabla ya sura ya kwanza, maana baadaye rekodi hairudishwi.