Je, wajua? Mhakiki wa habari akitaka kujua kama tovuti inaaminika, haisomi

Mpe mtu anayehakiki habari kwa kazi tovuti ambayo hajawahi kuiona maishani, halafu muulize inaaminika au haiaminiki. Ungetegemea aanze kuisoma, si ndio? Aangalie lugha, awinde makosa ya uandishi, ashuke mpaka chini kabisa kuona kama wana ofisi na namba ya simu. Kumbe hapana. Anaitupia jicho sekunde chache, anatoka, anafungua dirisha jingine la intaneti, na mwisho wa siku jibu lake ndilo linakuwa sahihi kuliko la yule aliyeisoma yote.

Swali lenyewe limekuwa kubwa kwa sababu watu wamezichoka TV na magazeti makubwa, kila mtu anatafuta chombo huru, na vinavyojiita huru vimejaa kila kona, kuna ukurasa Facebook, chaneli YouTube, grupu la WhatsApp lenye "habari ambazo hawataki uzijue". Baadhi ni kazi nzuri kweli kweli. Nyingine ni mtu, simu yake na hasira zake. Na kwa macho tu zinafanana.

Hiyo tabia ya wahakiki ilipimwa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Sam Wineburg na Sarah McGrew, walitoa matokeo ya utafiti wa watu 45: wanahistoria 10 wenye PhD, wahakiki wa habari 10, na wanafunzi 25 wa Stanford hapohapo. Jaribio moja lilikuwa na kurasa mbili zinazozungumzia uonevu shuleni. Moja ya American Academy of Pediatrics, chama kikubwa cha madaktari wa watoto kilichoanzishwa 1930, chenye wanachama zaidi ya 60,000. Nyingine ya American College of Pediatricians, jina karibu lilelile, ila hiki ni kikundi kidogo kilichojitenga 2002 kwa kupinga msimamo wa chama kikubwa kuhusu wapenzi wa jinsia moja kuasili watoto. Wahakiki wote walisema bila kusita kwamba Academy ndiyo ya kuaminika zaidi. Baadhi ya wanahistoria wakayumba, mara zote mbili ziko sawa, mara sijui. Wanafunzi wengi wakachagua kile kikundi kidogo.

Sasa hapa ndipo penye utamu, maana wanafunzi hawakuwa wajinga wala wavivu. Walisoma. Walifanya kila kitu ambacho watu hufundishwa kufanya, na ndicho kilichowapoteza. Ukurasa ulikuwa safi, hauna matangazo, umepangwa vizuri, una marejeo chini, una nembo inayofanana na ya madaktari. Vigezo vyote wakaweka tiki.

Hizo tiki tuzitazame vizuri maana ndizo zinazozunguka kwenye kila posti ya "jinsi ya kutambua habari feki". Kwanza ile ya .org, watu wengi wanaamini ukiona .org basi ni shirika lisilo la faida, limesajiliwa, limekaguliwa na mtu fulani mahali fulani. Hakuna. Yeyote mwenye hela ya kulipia jina la tovuti anaweza kuchukua .org, leo, akiwa kitandani. Halafu ile ya muonekano, eti tovuti ya matapeli inakuwa mbaya mbaya, ina rangi zinazoumiza macho. Hiyo ilikuwa na ukweli zamani, siku hizi kiolezo kizuri kinapatikana bure na chombo halali cha wilayani kinachoendeshwa na vijana watatu ndicho unachoweza kukuta kina muonekano mbovu, kwa hiyo kigezo hiki kinaweza kukupeleka kinyume kabisa. Kuna ile ya marejeo, ukiona namba ndogo ndogo na orodha chini unatulia, wakati marejeo ni maandishi tu mpaka mtu ayafungue, na nani anayafungua? Na kuna ukurasa wa "Kuhusu Sisi", huu ndio mfalme, watu wanausoma kwa heshima zote kama hati ya mahakama, wanasahau ulioandika ni mkono uleule ulioandika habari unazozitilia shaka. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Hata makosa ya tahajia, kigezo kinachopendwa na walimu wetu, hakisaidii sana. Mwandishi wa kweli anayerusha habari kwa simu akiwa kwenye foleni ya mahakamani atakosea herufi, na kampuni ya propaganda ina mhariri.

Wahakiki wao wanafanya nini basi? Fikiria posa. Kijana anakuja nyumbani na wazee wake, kanzu imenyooshwa, kofia safi, ananena kwa adabu, anaeleza kazi yake na ukoo wake. Hakuna baba mwenye akili anayetoa jibu palepale barazani kwa kumwangalia kanzu. Anasema "tumewasikia, tutawajibu", halafu wakishaondoka anatumwa shangazi huko mtaani kwao, anauliza kwa muuza duka, kwa jirani, kwa imamu au katekista, kwa mtu aliyewahi kufanya naye kazi. Kijana mwenyewe haulizwi tena. Si kwamba anaonekana muongo, ila yeye kuhusu yeye hawezi kuwa shahidi, na kadiri alivyojiandaa vizuri ndivyo kumtazama kunavyokwambia kidogo. Shangazi pia hamsikilizi wa kwanza akarudi. Akikuta muuza duka anamsifu sana atauliza kama ni mjomba wake. Akikuta mtu mmoja anamponda atauliza kama waligombania kiwanja. Anachotafuta ni watu wasiohusiana ambao maneno yao yanakutana.

Wineburg na McGrew wanaita hiyo kusoma kwa pembeni. Kwenye kioo inakuwa hivi: unaona jina la chombo, hubonyezi kitu chochote ndani yake, unafungua dirisha jipya, unaandika jina la chombo (sio kichwa cha habari, hili nitalirudia) pamoja na neno kama "mmiliki" au "ufadhili". Matokeo yakija, mtu wa kawaida anabonyeza la kwanza. Wahakiki hawabonyezi haraka, wanapitia ukurasa wa matokeo kwanza, hata wa pili, wanaangalia nani kaandika, ndipo wanachagua. Na wanatumia Wikipedia bila aibu, kile kitu tulichokatazwa shuleni, ila hawakai kwenye makala, wanashuka chini kwenye vyanzo na kuondoka navyo.

Jaribio jingine la utafiti uleule lilihusu tovuti ya minimumwage.com, inayoandika kuhusu kima cha chini cha mshahara Marekani. Tovuti inasema ni mradi wa Employment Policies Institute, taasisi ya utafiti isiyo ya faida. Ukisoma ndani utakuta takwimu, ripoti, majina ya heshima. Ukitoka nje dakika mbili tu unakuta hiyo taasisi inaendeshwa na Berman and Company, kampuni ya uhusiano wa umma (PR) ya Washington yenye historia ya kuwatetea wenye migahawa na hoteli, yaani walewale ambao kima cha chini kikipanda kinawauma mfukoni. Wahakiki wote walifika hapo. Wanafunzi wengi hawakufika, waliendelea kusoma ripoti.

Lakini mfano unaonifurahisha kuliko yote, kwa ubaya wake, ni Peace Data. Ilikuwa tovuti ya habari kwa Kiingereza na Kiarabu, inajiita huru, inaandika dhidi ya vita, rushwa, uharibifu wa mazingira, vitu ambavyo mpenda vyombo mbadala angevishangilia. Na waandishi wake wengi walikuwa watu wa kweli, vibarua wa Marekani na Uingereza waliopewa kazi mtandaoni na kulipwa. Septemba 2020 Facebook, baada ya kudokezwa na FBI, ilifunga akaunti 13 na kurasa 2 zilizohusishwa nayo, ikisema nyuma yake ni watu waliowahi kuwa sehemu ya Internet Research Agency, kiwanda cha propaganda za mtandaoni cha Urusi. Wahariri waliokuwa wakiwatumia waandishi barua pepe hawakuwepo duniani. Picha zao zilitengenezwa na kompyuta. Picha za teknolojia ile zilikuwa na alama moja ya ajabu, ukizipanga kwa saizi moja macho ya watu wote yanaangukia mstari uleule, na hereni ya kushoto mara nyingi haifanani na ya kulia. (Usiitegemee sana leo, programu mpya zimeshajirekebisha.) Ungeisoma Peace Data neno kwa neno usingeshtuka, maana makala zilikuwa za binadamu mwenye nia njema. Ungemtafuta mhariri nje ya tovuti, amesoma wapi, aliwahi kuandika wapi, nani kafanya naye kazi, ungekuta ukimya.

Kwa hiyo neno "huru" peke yake halikuambii kitu, na upande wa pili ni huohuo, kuwa na mfadhili si ushahidi wa kununuliwa. Watu wetu wana hii ya "hao wanalipwa na wazungu" na mjadala unaishia hapo. Vyombo vingi vidogo vya uchunguzi Afrika vinaishi kwa ruzuku, na Marekani iliposimamisha misaada ya nje Januari 2025 tuliona newsroom ngapi zimetikisika. Cha kuuliza ni kama wanasema nani anawalipa, na kama wamewahi kuandika kitu kinachomchoma. Kanuni za mtandao wa wahakiki duniani, IFCN, ambazo mashirika ya kuhakiki habari Afrika kama Africa Check na PesaCheck yamezisaini, zinadai hilo la kwanza wazi, ufadhili uonekane, pamoja na njia ya kazi na masahihisho. Kwangu masahihisho ndiyo dalili tamu kuliko zote: chombo kinachoandika "jana tulikosea, tarehe sahihi ni hii" na kuiacha ionekane kina mtu ndani anayeogopa kukosea. Kinachofuta posti kimyakimya, mmh.

Uhuru wenyewe una gharama ambazo si za kinadharia. JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni la Tanzania lililoanza 2006, mwanzilishi wake Maxence Melo alikamatwa Desemba 2016 na kushtakiwa baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji. Zikaja kanuni za maudhui mtandaoni za 2018, maombi shilingi 100,000, leseni milioni 1, na milioni 1 nyingine kila mwaka, na Juni mwaka huo JamiiForums ilizimwa kwa muda. Kanuni zimerekebishwa tangu hapo. Hiyo historia inaonyesha jukwaa limekubali kuumia kwa ajili ya watu wake, ila haifanyi kila posti iliyowekwa pale na mtu asiyejulikana kuwa kweli, ni mambo mawili tofauti na yanachanganywa kila siku.

Wala si vidogo tu vya kuhakikiwa. Kabla ya uchaguzi wa Kenya 2017 zilisambaa video mbili, moja imejifanya BBC, nyingine CNN, zote zikionyesha kura za maoni zinazompa Uhuru Kenyatta uongozi. Nembo sawa, mtindo sawa. Ukiikodolea macho video yenyewe hutoki, ukienda kwa BBC wenyewe unakuta wanasema hii si yetu.

Sasa njia hii nayo ina breki zake. Kusoma kwa pembeni kunategemea pembeni kuwe na kitu. Utafiti uliotoka kwenye jarida la Nature Desemba 2023 ulikuta kwamba watu walioambiwa watafute mtandaoni ili wapime habari ya uongo waliishia kuiamini zaidi, uwezekano ukipanda kwa kama asilimia 19. Sababu mojawapo ni hii: ukinakili kichwa cha habari kilevile na kukitupa Google, unarudishiwa waliokinakili kabla yako, na wote ni watoto wa mama mmoja. Ndiyo maana nilisema tafuta jina la chombo, au tafuta jambo lenyewe kwa maneno yako mwenyewe. Na kwa Kiswahili pengo ni kubwa zaidi, unaweza kutafuta chombo cha Mbeya au Lubumbashi ukapata kurasa zake chenyewe tu, basi. Ukimya huo haumaanishi ni tapeli. Utafiti ule wa Stanford pia ulikuwa wa watu 45, Marekani, kwenye tovuti zenye historia ndefu ya kuandikwa, kwa hiyo usiubebe kama aya ya Biblia.

Pembeni pakiwa patupu kuna njia ndefu zaidi, unachukua habari moja ya chombo hicho inayogusa hati ya umma na kwenda kwenye hati. Wameandika kuhusu hukumu? Hukumu nyingi za Tanzania ziko bure kwenye tovuti ya TanzLII, za Kenya ziko kwenye ya Kenya Law. Wameandika halmashauri fulani imetafuna hela? Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali ya Tanzania, hutoka kila mwaka, zipo kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Unatafuta jina la halmashauri, unaangalia kama tarakimu ni ileile, na zaidi ya hapo, kama CAG alisema hela "zimeibwa" au alisema tu nyaraka za matumizi hazikuonekana, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza, wakubwa kwa wadogo. Fanya hivyo kwa habari tatu za chombo kimoja. PDF yenyewe ina kurasa mamia na inakula bando, ipakue penye WiFi.