Je, mawimbi ya simu yanaweza kumrudishia panya kumbukumbu?

Gary Arendash na wenzake wa Chuo Kikuu cha South Florida, Marekani, walitarajia mabaya. Walidhani panya wenye dalili za Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole, wakikaa kwenye mawimbi kama ya simu ya mkononi watazidi kusahau. Matokeo waliyochapisha mwaka 2010 yalikuwa kinyume kabisa.

Kwa asili panya hapati Alzheimer. Hawa walizaliwa na jeni ya binadamu yenye kasoro, ndiyo maana ubongo wao hujaa protini iitwayo beta-amiloidi. Protini hiyo hugandamana na kuwa mabonge katikati ya seli za neva, kama yale aliyoyaeleza daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906 baada ya kuuchunguza ubongo wa mgonjwa wake.

Vizimba vilipangwa kuizunguka antena moja. Mara mbili kwa siku, kila mara kwa muda wa saa moja, antena ilirusha mawimbi ya megahezi 918. Zoezi hilo liliendelea kwa miezi mingi, na subira ikazaa matunda. Panya wadogo hawakufikia kusahau, na wazee waliokwisha kusahau walianza kukumbuka tena. Hata mabonge yalipungua.

Kwa nini? Usifikirie oveni ya maikrowevu inayochemsha chakula. Nguvu ya mawimbi haya ilikuwa ndogo mno. Watafiti wanaamini yanaizuia protini isigandamane na kuyalegeza mabonge yaliyokwisha kufanyika, ili ubongo uweze kuyasafisha.

Kwa binadamu, jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2019 liliwavalisha wagonjwa 8 kofia yenye antena, nyumbani kwao, kwa miezi miwili. Saba walipata nafuu katika vipimo vya kumbukumbu na fikra. Inatia moyo, lakini hakukuwa na wagonjwa waliovalishwa kofia iliyozimwa ili walinganishwe nao, na mtu anayerudia kipimo kilekile huweza kufanya vizuri kwa mazoea tu.

Najua anayemuuguza mama asiyemtambua tena mwanawe hushika tumaini lolote. Tafadhali, usimwekee simu kichwani: haikutengenezwa kutibu, wala si kifaa kilichotumika katika majaribio hayo. Tena ubongo wa mgonjwa binadamu una tatizo la pili ambalo panya hawa hawakuwa nalo kwa kiwango hicho: nyuzi za protini ya tau zilizosokotana ndani ya seli zenyewe.