Kiwanda cha Maziwa Kimefika, Dumu la Manjano Libaki Nyumbani

Kiwanda kipya cha maziwa kikianza kazi, hazipiti wiki nyingi kabla malalamiko hayajatufikia: "Walitangaza soko, mbona yangu yamerudishwa?" Wiki ya Maziwa inaelekea kilele chake, tarehe 1 Juni, basi tulizungumze.

Faida ipo. Anayemtegemea mchuuzi wa baiskeli mara nyingi huuza ya asubuhi tu. Ya jioni huishia kwa jirani na ndama. Kituo cha kukusanyia maziwa chenye tangi la kupozea hadi nyuzi 4 huweza kupokea hata ya jioni. Wafugaji wa Tanga, kupitia ushirika wao wa TDCU, walifika hadi kuwa na hisa katika kiwanda cha Tanga Fresh.

Sasa mapokezi. Mpokeaji hunusa, kisha huchanganya maziwa kidogo na spiriti. Yakigandamana hayapokelewi, hata kama kwako yananukia vizuri. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza ng'ombe akishazaa, nayo hugandamana, usiilete. Halafu laktomita, kipimo cha kuelea kinachoonyesha uzito wa maziwa na kama yametiwa maji: husomwa maziwa yakiwa nyuzi 20, au hesabu husahihishwa, kwa kuwa yakiwa na joto husoma chini. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaanzia 1.028. Maziwa ya 1.030, ukitia lita moja ya maji kwenye lita kumi, yatasoma kama 1.027. Kwa hiyo lile dai la "laktomita imechezewa", tafadhali, tumelisikia vya kutosha.

Ng'ombe akitibiwa ugonjwa wa kiwele, soma kwenye chupa ya dawa siku za kusubiri. Maziwa ya siku hizo humwagwa, pamoja na ya chuchu ambazo hazikuguswa. Kuchemsha hakuondoi dawa. Keni moja yenye antibayotiki yaweza kuharibu tangi zima, kwa sababu bakteria wa kugandisha mtindi hufa, na hapo hasara huwa ya kikundi kizima.

Lile dumu la manjano la mafuta ya kupikia mdomo wake hauingizi mkono. Lipasue uone utando uliobaki ndani, ndipo uulize kwa nini yamechacha njiani. Keni ya alumini ni ghali, tunajua. Ulizeni kwenye ushirika kama mnaweza kukatwa kidogo kidogo kwenye malipo.

Yakikataliwa, omba yapimwe tena palepale, mbele yako, na sababu iandikwe kwenye daftari la kituo. Ukiondoka nayo ukarudi nayo saa sita mchana, hayo ni maziwa mengine.