Ikama yako imeandikwa nini?

Wanawake wawili wanapanda ndege moja Nairobi kwenda Riyadh. Wote wawili wanaenda kupiga deki, mmoja kwa kampuni ya usafi, mwingine kwa familia. Mimi ni wakili, na mikataba ya namna hii naisoma karibu kila wiki. Siku hizi sianzi na mshahara. Naanza na ikama, yaani kibali cha ukaazi cha Saudia, pale panapotajwa kazi.

Aliye chini ya kampuni analindwa na Sheria ya Kazi ya Saudia ya mwaka 2005: saa 8 kwa siku, na zikizidi analipwa nyongeza. Sheria hiyohiyo inamtoa mfanyakazi wa ndani. Huyo aliwekewa kanuni zake mwaka 2013, zikampa saa 9 za kupumzika kwa siku. Piga hesabu: aliweza kutumikishwa saa 15 na hakuna kanuni iliyovunjwa. Kanuni mpya za Oktoba 2024 zimeweka ukomo wa saa 10. Nimezifurahia, ila nani atazihesabu saa hizo ndani ya nyumba ya mtu, geti limefungwa? Machi 2021, Saudia ilipowaruhusu wafanyakazi wa kampuni kuhama mwajiri na kusafiri bila idhini ya kafili, yaani mwajiri anayemdhamini, kadama, ndiye mfanyakazi wa ndani, aliachwa nje, yeye na dereva wa nyumbani na mchunga mifugo.

Hata makadama wenyewe hawalingani. Mwaka 2006 Ufilipino ilitaka raia wake wasilipwe chini ya dola 400 kwa mwezi, yaani riyali 1,500. Mikataba mingi ya Wakenya niliyoishika inasema riyali 900, kwa jiko lilelile na watoto walewale wa kulea.

Linaloniuma zaidi ni huruub, yaani ripoti ya utoro. Kadama akikimbia kipigo, kafili anaripoti kwamba ametoroka, na ikama yake inakuwa si halali tena. Wenzake humwita kemboi, kutokana na yule bingwa wetu wa mbio, Ezekiel Kemboi. Kemboi anaishi kwa vibarua. Asipolipwa hana pa kushtaki, maana kwenda polisi ni kujipeleka mwenyewe. Hata kurudi nyumbani kunataka viza ya kutoka.

Huku kwetu nasikia watu wakisema aliingia kwa njia za panya. Si kweli. Alishuka Riyadh na viza halali, pasipoti ikagongwa muhuri. Aliyemfanya haramu ni mwajiri wake, na aliifanya kazi hiyo kwa simu, akiwa sebuleni.