Nini Maana ya Mgahawa wa Walaji Mboga wa Hadhi ya Juu

Mgahawa wa walaji mboga wa hadhi ya juu ni mgahawa usiopika nyama wala samaki, na ambao papo hapo unashika viwango vya mapishi, huduma na utulivu vinavyotarajiwa katika migahawa bora ya aina yoyote. Sehemu zote mbili za maelezo hayo ni za lazima. Mahali panapouza saladi za haraka hapaingii katika dhana hii hata kama hapana kipande cha nyama, na hoteli kubwa iliyoweka chakula kimoja kisicho na nyama mwishoni mwa menyu yake haiingii pia, kwa sababu jiko lake limejengwa juu ya nyama na chakula kile kimewekwa kumsitiri mgeni mmoja asilale njaa. Katika mgahawa ninaouzungumzia, mpishi mkuu hupanga mlo mzima akianzia kwenye mmea wenyewe: hujiuliza karoti, uyoga au dengu vinaweza kufanya nini vikipewa muda, moto na ustadi ambao kwa kawaida hupewa nyama.

Kwa familia, tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Familia nyingi zina mtu mmoja asiyekula nyama, iwe ni kwa imani, kwa afya au kwa kuwahurumia wanyama, na mtu huyo amezoea kuwa wa mwisho kuagiza, kumhoji mhudumu kuhusu kila kilichomo, kisha kuletewa vyakula vya pembeni vilivyokusanywa kwenye sahani moja huku wenzake wakipasiana vyao. Hapa menyu yote ni yake na ni ya kila mtu mwingine mezani. Anaweza kuchota kwenye sahani ya mama yake, na mdogo wake akachota kwenye yake, bila mtu kuuliza kwanza. Binafsi naona huo ndio moyo wa dhana yenyewe, kuliko vitambaa vyeupe vya meza na glasi nyembamba.

Wazo la kumpa mlaji mboga chakula cha heshima si jipya. Huko Zürich, Uswisi, mgahawa wa Hiltl umekuwapo tangu mwaka 1898. Kilichochelewa ni kukubalika kwa mimea katika daraja la juu la upishi. Mjini Milan, mgahawa wa Joia, ulioanzishwa na mpishi Pietro Leemann mwaka 1989, ulipata mwaka 1996 nyota ya Michelin, alama ya ubora inayotolewa na kitabu cha Ufaransa cha kuongoza walaji migahawani, ambayo kiwango chake cha juu kabisa ni nyota tatu, jambo ambalo halikuwa limezoeleka kwa jiko lisilo na nyama barani Ulaya. Miaka mitano baadaye Alain Passard wa mgahawa wa Arpège mjini Paris, ambaye tayari alikuwa na nyota tatu, aliondoa nyama nyekundu kwenye menyu na kuzipa mboga nafasi ya mbele, na nyota zake hakuzipoteza. Nyota hizo hutolewa na wakaguzi wanaokula bila kujitambulisha, wakipima chakula kilichomo kwenye sahani. Kwa hiyo zilikuwa ushahidi kwamba mboga peke yake inaweza kubeba mlo wa kiwango hicho.

Mojawapo ya vyakula vilivyomtambulisha Passard ni kiazisukari chekundu kilichookwa ndani ya chumvi, na kinafaa kutazamwa kwa karibu. Kiazi kizima, bila kumenywa, hufunikwa kabisa kwa rundo la chumvi ya mawe ya kijivu na kuwekwa katika joko. Chumvi hukauka na kuwa gamba gumu, mvuke hukosa pa kutokea, na kiazi huiva taratibu katika maji yake chenyewe, sukari yake ikibaki ndani badala ya kuyeyukia kwenye maji ya kuchemshia. Gamba hilo likishavunjwa, kiazi hutolewa kizima kikiwa laini, chenye harufu nzito ya udongo, na hukatwa vipande kama ambavyo kuku mzima angekatwa kwa ajili ya watu wote. Mboga imepata nafasi ya katikati ya meza, na familia ina kitu kimoja cha kugawana.

Wanaozoea nyama huuliza kama watatosheka. Swali hilo lina jibu la kikemia. Mwaka 1908 mkemia wa Japani, Kikunae Ikeda, alitenga glutamati kutoka kwenye mchuzi wa mwani wa kombu, akaiita ladha yake umami. Ndiyo ladha nzito inayofanya supu ya nyama ikae mdomoni. Glutamati hiyo imo pia kwenye nyanya mbivu, jibini lililokomaa na soya iliyochachushwa, nao uyoga uliokaushwa una kemikali nyingine inayoizidishia nguvu. Mpishi anayejua kazi yake hupika mchuzi wa msingi kwa vitu hivyo kwa saa nyingi. Uzito wa chakula hutoka humo, wala hauhitaji kitu kilichoundwa kifanane na nyama.

Tahadhari moja ni ya lazima: kutokuwa na nyama hakumaanishi kutokuwa na chochote cha mnyama. Migahawa mingi ya aina hii hutumia maziwa, siagi na mayai, ilhali vegani, yaani mtu asiyekula chochote kitokanacho na mnyama, hatumii hata asali. Hata jibini lina mambo yake, kwani Parmigiano Reggiano kwa kanuni zake hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumboni mwa ndama. Tena, sosi nyingi zinazoonekana kama za maziwa katika majiko ya vegani hutengenezwa kwa korosho au lozi zilizosagwa, kwa hiyo familia yenye mtoto mwenye mzio wa vyakula hivyo isingoje kufika mezani ndipo iseme. Iseme inapoweka nafasi, ili jiko lipate muda wa kuandaa kitu kingine.

Vilevile iulize kama kuna menyu ya kuonja pekee. Katika menyu hiyo mgeni hachagui. Mpishi huleta sahani ndogondogo kwa mfululizo, mara nyingi kwa muda wa saa mbili au tatu, na migahawa mingi hutaka meza nzima ifuate mpango huo mmoja. Kwa watu wazima wenye mazungumzo ni muda mzuri sana. Mtoto wa miaka sita huchoka mapema, na hana kosa. Pale ambapo vyakula huagizwa kimoja kimoja, familia yenye watoto hukaa kwa raha zaidi: watoto huanza kula mapema, wakubwa huagiza vyakula kadhaa vya kuweka katikati, na mhudumu akiombwa sahani tupu za kugawia huzileta bila shida.