Shule ya chata ya mjini: kuipima kwa takwimu za uandikishaji

Nchini Marekani, shule ya chata ni shule ya umma inayoendeshwa na bodi yake kwa mkataba maalumu. Haitozi ada, na waombaji wakizidi nafasi, bahati nasibu huamua. Minnesota ilipitisha sheria ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1991.

Kuipima sekondari ya namna hii kwa takwimu za uandikishaji maana yake ni kujua nani waliingia, nani walibaki, na kama wanafanana na watoto wa mitaa inayoizunguka. Matokeo ya mitihani yasomwe baada ya hapo. Mwaka 2010, Urban Prep, shule ya chata ya Chicago, ilitangaza kwamba wahitimu wake wote 107 wamepata nafasi vyuoni. Ni habari njema kwa vijana hao, lakini asilimia 100 hiyo inawahesabu waliofika mwisho tu.

Sekondari huanzia darasa la 9 hadi la 12, na wanafunzi huhesabiwa mara moja kwa mwaka, karibu na Oktoba 1. Zisome takwimu kwa mshazari: darasa la 9 mwaka huu, la 10 mwaka ujao, na kuendelea. Tuseme ni 160, 131, 108, 92. Gawanya 92 kwa 160, unapata asilimia 57.5. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, wakiongozwa na Robert Balfanz, waliifanya asilimia 60 kuwa mstari wa shule dhaifu.

Hesabu hiyo inaweza kupotosha kwa njia mbili. Wanaorudia darasa la 9 huvimbisha namba ya mwanzo, na kuifanya shule ionekane mbaya kuliko ilivyo. Kwa upande mwingine, shule inayopokea wanafunzi wanaohamia kutoka shule nyingine darasa la 10 na la 11 huziba mapengo ya walioondoka. Kwa hiyo uliza kila mwaka wameingia wangapi na wametoka wangapi.

Usikimbilie kiwango rasmi cha kuhitimu. Mwanafunzi akihama kwa nyaraka kamili, huondolewa kwenye hesabu ya shule aliyotoka. Shule inaweza kupoteza theluthi ya watoto na bado ikaonyesha asilimia 95.

Kwenye muundo wa wanafunzi, linganisha na shule za kata ambako watoto hao wangesoma, si na wastani wa jiji zima. Ulemavu ndio kipimo kigumu zaidi: shule ambayo asilimia 14 ya wanafunzi wana matatizo madogo ya usemi si sawa na ile ambayo asilimia 14 yake inajumuisha watoto wenye usonji mzito. Wanaojifunza Kiingereza nao watazamwe, wakiwemo watoto wa wakimbizi wa Kongo wanaozungumza Kiswahili nyumbani. Wakiwa wengi mtaani na wachache shuleni, chunguza fomu za maombi zimetolewa kwa lugha zipi.

Idadi ya wanaopata chakula cha bure shuleni haipimi umaskini tena kama zamani. Kwa utaratibu uliotokana na sheria ya mwaka 2010, shule nyingi hulisha kila mtoto bila fomu. Tumia idadi ya watoto ambao familia zao tayari zinapokea msaada wa chakula wa serikali.

Tumia angalau miaka mitatu, maana darasa la watoto 90 huyumba kwa familia chache kuhama. Na kwa kuwa hesabu ya Oktoba haimwoni anayeondoka Februari, kabla ya mitihani ya masika, iombe shule orodha ya uhamisho kwa kila mwezi, bila majina.