Baiti si Herufi

Wiki iliyopita nililetewa tena lalamiko ambalo nimelijibu mara nyingi mno, nikaona ni heri nilijibu hapa kwa ukamilifu ili safari nyingine nitume kiungo tu. Mtengenezaji programu mmoja alikuwa ameunda ukurasa wa kufungua faili lolote ndani ya kivinjari, kuonyesha baiti zake kwa heksadesimali (namba za msingi wa 16, tarakimu mbili kwa kila baiti) na kumruhusu mtumiaji azihariri. Alifungua picha ya PNG, hakugusa chochote, akaihifadhi, na picha ikakataa kufunguka. Alikuwa na hakika kwamba kivinjari kina hitilafu. Nilipoutazama msimbo wake nikakuta nilichotarajia: faili lilisomwa kwa text(), inayozigeuza baiti kuwa herufi kwa kanuni ya UTF-8, likamiminwa kwenye kisanduku cha maandishi, na kilichohifadhiwa ni thamani ya kisanduku hicho. Nilipomwonyesha kosa lilipo alinijibu: "Lakini faili ni maandishi tu, ila hili lina herufi za ajabu."

Hapana. Faili ni mfuatano wa baiti, na baiti ni namba kuanzia 0 hadi 255. Herufi huzaliwa pale tu mtu anapozisoma namba hizo kwa kanuni fulani ya usimbaji, na mafaili mengi yaliyomo kwenye kompyuta yako hayakuandikwa kwa kanuni yoyote ya namna hiyo. Ukiyalazimisha yasomeke hivyo, kisimbuaji, yaani programu inayogeuza baiti kuwa herufi, hakitakulalamikia. Kitafanya kile viwango vinavyokitaka kifanye, na data itapotea kimyakimya.

Tuitazame picha yenyewe. Kila PNG huanza na baiti hizi nane:

89 50 4E 47 0D 0A 1A 0A

Baada ya kwenda kwenye kisanduku cha maandishi na kurudi, faili lilianza hivi:

EF BF BD 50 4E 47 0A 1A 0A

Nane zimekuwa tisa. Katika UTF-8, baiti 89 haiwezi kuanzisha herufi, kwa kuwa ni ya kundi la baiti zinazofuata nyingine. Kwa hiyo kisimbuaji kiliiondoa na kuweka mahali pake alama ya U+FFFD, ile almasi nyeusi yenye kiulizo ndani, ambayo ikiandikwa upya kwa UTF-8 huwa ni EF BF BD. Kisha kisanduku cha maandishi, ambacho kwa mujibu wa kiwango cha HTML husawazisha miisho yote ya mistari, kiligeuza jozi ya 0D 0A kuwa 0A peke yake. Uharibifu haukuishia hapo. Baiti nne zinazofuata katika PNG ni urefu wa kipande cha kwanza cha faili, IHDR, nazo ni 00 00 00 0D, yaani 13. Kisanduku kiliiona ile 0D, kikaidhania kuwa mwisho wa mstari wa mtindo wa zamani, kikaigeuza kuwa 0A. Kipande chenye baiti 13 sasa kinajitangaza kuwa na baiti 10.

Kinachonisikitisha ni kwamba waliobuni PNG walilijua kosa hili mapema, na kiwango chao kilipopitishwa mwaka 1996 zile baiti nane zilikuwa tayari zimepangwa kama mtego wa kulinasa. 89 iko nje ya ASCII, usimbaji wa zamani unaoishia 7F, ili faili lisidhaniwe kuwa maandishi, tena inase njia yoyote ya usafirishaji inayofuta biti ya juu (ya nane) ya kila baiti, kwa kuwa hapo 89 hugeuka 09. 0D 0A inanasa programu inayobadilisha miisho ya mistari, na 0A ya mwisho inamnasa anayefanya badiliko hilo kinyumenyume. 1A husimamisha uonyeshaji mtu akilifungua faili kama maandishi ndani ya MS-DOS. Kwa hiyo picha ilipokataa kufunguka, ilikuwa inatimiza wajibu wake.

Wengine hudhani kwamba uharibifu huu unaweza kurudishwa nyuma kwa kutafuta EF BF BD zote na kuziweka tena sawa. Haiwezekani. Baiti 80, baiti 89 na baiti FF, kila moja ikiwa peke yake, zote hugeuka alama ileile moja, na hakuna kilichobaki ndani ya faili cha kukuambia ipi ilikuwa ipi.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote, ambalo ni kauli ya "mimi nimejaribu na haikuharibu kitu". Nikiuliza umejaribu na faili gani, jibu huwa ni faili la maandishi ya Kiswahili. Alfabeti yetu yote imo ndani ya ASCII. Hatuna herufi yenye kikofia wala yenye nukta mbili juu, na kila herufi ya Kiswahili sanifu huchukua baiti moja kamili katika UTF-8. Mtengenezaji programu aliyekulia kwenye Kifaransa hukutana na tatizo hili mapema, kwa sababu é humkatikia katikati. Sisi tunaweza kufanya kazi miaka mingi tukiamini kwamba herufi moja ni baiti moja, na data yetu isitusute.

Ila kuna mahali inapotusuta, nako ni kwenye ng'. Andika ng'ombe kwa kitufe cha kawaida cha kompyuta upate baiti saba: 6E 67 27 6F 6D 62 65. Andika neno hilohilo kwenye simu au programu inayokupa alama iliyopinda, upate tisa: 6E 67 E2 80 99 6F 6D 62 65. Kwa jicho ni neno moja. Lakini anayetafuta la kwanza hatalipata la pili, na anayekata maandishi kwenye baiti ya nne atabaki na ng pamoja na vipande viwili vya alama visivyosomeka. Mara nyingi nimeitumia kazi hii ndogo kumwonyesha mtu faida ya kihariri cha baiti, kwa sababu ni pale tu ng'ombe wawili wanaofanana huonekana kuwa tofauti.

Walalamikaji wakishakubali kwamba UTF-8 haifai, huja na dawa ya pili: tusome kwa ISO-8859-1, ambamo kila baiti ina herufi yake. Wazo lenyewe si baya, tatizo ni kivinjari. Katika viwango vya wavuti jina hilo ni lakabu tu ya usimbaji mwingine, windows-1252, kwa hiyo baiti 80 husomwa kama alama ya yuro, ambayo namba yake ni U+20AC. Ukiirudisha namba hiyo ndani ya Uint8Array, safu ya JavaScript inayobeba baiti tupu, sehemu ya juu hukatwa na unabaki na AC. 80 imeingia, AC imetoka, na safari hii hata almasi nyeusi ya kukutahadharisha haipo.

Njia sahihi ni fupi kuieleza. Lisome faili kwa arrayBuffer(), inayokupa baiti zenyewe bila kuzisimbua, au kama ni kubwa likate kwa slice() na usome vipande vya baiti 65,536. Ziweke kwenye Uint8Array. Mabadiliko ya mtumiaji yahifadhi pembeni kwa anwani na thamani mpya, jambo litakalokurahisishia pia kutendua. Safuwima ya heksadesimali na ile ya herufi zilizo kulia zote ni picha tu za safu hiyo: 20 hadi 7E ionyeshwe kama herufi, zilizobaki ziwe nukta, na nukta hizo zisisomwe tena kamwe kurudi kwenye data. Kwa namba za baiti nyingi tumia DataView, chombo cha JavaScript cha kusoma namba kutoka kwenye baiti, na kila mara taja mpangilio wa baiti, kwa sababu ukinyamaza yenyewe huichukua baiti ya kwanza kuwa yenye uzito mkubwa zaidi, na 01 00 00 00 uliyoitarajia iwe 1 inakuwa 16,777,216.

Usijaribu pia kuchora safumlalo zote. Faili la gigabaiti moja, kwa baiti 16 kila safumlalo, lina safumlalo 67,108,864; zikiwa na pikseli 20 kila moja, urefu wake unapita pikseli bilioni 1.3, na vivinjari hukoma mbali sana kabla ya hapo. Chora zinazoonekana tu, na usogezaji ukokotoe mwenyewe kwa uwiano.

Kuna mambo ambayo hata mimi sijayamaliza. Baiti ni 7F, mtumiaji anabonyeza 4: je, data iwe 4F papo hapo, au isubiri tarakimu ya pili? Nimejenga kwa namna zote mbili. Ya kwanza humwachia baiti ambayo hakuikusudia akibofya kwingine katikati ya kazi. Ya pili humpotezea alichoandika, naye huamini kimehifadhiwa. Kwa sasa nasubiri tarakimu ya pili na kuipaka rangi nusu iliyo wazi, lakini sina raha na uamuzi huo. Kuingiza baiti mpya katikati ya faili ni mgogoro mwingine, kwa kuwa husogeza anwani zote zinazofuata, na umbizo kama ZIP, linalohifadhi anwani za yaliyomo mwishoni mwa faili, huvunjika mara moja. Nimeamua kuandika juu ya baiti iliyopo kuwe hali ya kawaida, na kuingiza kuwe hatua ya makusudi; wapo wanaonilaumu kwa hilo, na sioni kwamba wamekosea kabisa. Kwa mtumiaji asiyeona bado nasitasita: kisoma skrini kikitamka baiti 16 za safumlalo moja baada ya nyingine, mtu huchoka kabla ya kufika anapopataka, na kikitamka iliyo chini ya kishale tu, hupoteza jirani zake.

Kabla ya kuniandikia tena kwamba msimbo wako ni salama, fanya jaribio moja. Tengeneza faili lenye baiti 256, kila thamani mara moja, kuanzia 00 hadi FF kwa mpangilio. Lifungue kwenye kihariri chako, usiguse kitu, lihifadhi, kisha linganisha mafaili mawili baiti kwa baiti. Kihariri kilichosoma kwa UTF-8 kitaziacha 128 za mwanzo na kukurudishia baiti tatu kwa kila moja ya zile 128 za mwisho, yaani faili la baiti 512.